Sindano za kutibu aleji: mwongozo kamili, kuanzia kipimo hadi sindano ya mwisho

Mtu mwenye aleji huenda ameshachomwa sindano nyingi maishani, lakini si hizi tunazozizungumzia hapa. Ukifika hospitali macho yamevimba, chafya haziishi au ngozi imejaa mabaka, utachomwa antihistamini au steroidi. Utapata nafuu siku hiyo hiyo, na wiki ijayo ukikutana na vumbi lile lile mambo yanaanza upya. Dawa hizo hutuliza dalili tu, chanzo kinabaki palepale.

Sindano za tiba ya kinga zinakwenda kwenye chanzo. Ndani ya kichupa mna kitu kile kile kinachokusumbua, kikiwa kimetengenezwa kuwa dawa na kupimwa nguvu yake: chavua ya nyasi au ya miti, utitiri wa vumbi, magamba ya ngozi ya paka, sumu ya nyuki. Unaanza na kiasi kidogo mno, kinapandishwa hatua kwa hatua hadi mwili unakizoea. Kazi hiyo huchukua miaka 3 hadi 5. Kwa sababu ya urefu huo, maamuzi ya maana zaidi hufanyika kabla hujachomwa hata mara moja. Aliyeanza kwa pupa huishia njiani, au anamaliza miaka yote akichomwa kitu ambacho hakikuwa tatizo lake.

Tiba yenyewe si ngeni. Mwaka 1911 daktari Leonard Noon wa hospitali ya St Mary's, London, alichapisha katika jarida la The Lancet taarifa ya kuwachoma wagonjwa wa mafua ya chavua dawa iliyotengenezwa kwa chavua ya nyasi. Aliamini chavua ina sumu, na kwamba anawachanja watu dhidi ya sumu hiyo. Nadharia ilikuwa potofu, lakini wagonjwa walipata nafuu hata hivyo, na mwenzake John Freeman akaiendeleza kazi. IgE, kingamwili inayobeba lawama ya aleji nyingi, ilikuja kutambuliwa miaka ya 1960. Leo tunajua kwamba sindano hizi huamsha seli za kinga zenye kazi ya kutuliza, na mwili huanza kutengeneza kingamwili nyingine, IgG4, ambazo huwahi kukinasa kichochezi (kitu kinachoamsha aleji) kabla IgE haijakifikia. Ukipimwa damu miezi ya mwanzo na kukuta IgE imepanda badala ya kushuka, usishtuke. Mara nyingi ndivyo inavyoanza.

Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa wako ni wa sindano hizi

Zinasaidia katika mafua ya aleji (chafya, pua kuziba au kuchuruzika, kuwashwa pua na koo), macho kuwasha na kutoa machozi, na pumu inayoamshwa na vitu vya hewani. Kwa watu wenye pumu ya ngozi ambao utitiri wa vumbi huwazidishia, daktari anaweza kuzifikiria, ingawa faida hapo haina uhakika mkubwa.

Wanaofaidika kuliko wote ni wale waliowahi kuzimia, kubanwa pumzi au kushuka presha baada ya kuumwa na nyuki au nyigu. Kwa nyigu, tiba hulinda zaidi ya watu 9 kati ya 10 wasipate tena mshtuko huo wakiumwa. Kwa nyuki ni takriban 8 kati ya 10. Mtu wa namna hii, hasa mfugaji wa nyuki au anayefanya kazi shambani, nisingemshauri asubiri.

Aleji ya chakula haitibiwi kwa sindano hizi. Sindano za karanga zilishajaribiwa zamani, na madhara makali yakawa mengi kupita kiasi. Zipo njia za kumzoesha mtu chakula kwa kukila kidogo kidogo chini ya daktari bingwa, lakini hiyo ni habari nyingine. Vilevile, mabaka ya kuwasha yanayokuja na kuondoka kwa miezi bila sababu inayoeleweka, na aleji ya dawa, havimo. Atakayekuahidi sindano moja ya kumaliza "aleji zote" anakuuzia kitu kingine.

Hatua ya 2: Tafuta kichochezi chako hasa

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo tulia nayo.

Anza na daftari, si maabara. Kwa wiki kadhaa andika dalili zinapoanza, saa ngapi, ulikuwa wapi, ulikuwa unafanya nini, na zimepoa lini. Anayeamka na chafya ishirini kabla hajashuka kitandani, mwaka mzima, akatulia akiwa nje, ana sababu ya kushuku utitiri wa kwenye godoro na mito. Anayeumwa msimu mmoja tu, akizidiwa siku kavu zenye upepo, aangalie chavua. Anayezidiwa kwenye chumba chenye unyevu afikirie ukungu. Maelezo haya ndiyo daktari atakayoyapanga pembeni mwa kipimo.

Kipimo cha kawaida ni cha ngozi. Unaweka mkono juu ya meza, upande wa ndani ukiangalia juu. Muuguzi anachora alama kwa kalamu, anadondosha tone la kila kichochezi mbele ya alama yake, kisha anapita na kichomeo kidogo kugusa ngozi katikati ya kila tone. Haitoki damu, au hutoka chembe tu. Matone mawili ni ya ulinzi wa kipimo chenyewe: moja la maji ya chumvi, ambalo halitakiwi kuvimba, na jingine la histamini, kemikali ya mwili inayoleta uvimbe na muwasho wa aleji, ambalo lazima livimbe. Baada ya dakika 15 hadi 20 unaona vivimbe vinavyofanana na vya mbu, na vinapimwa kwa rula. Kivimbe kinachozidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa kuwa ndiyo.

Kama tone la histamini halikuvimba, kipimo hakina maana, na kwa kawaida ni kwa sababu ulimeza antihistamini. Zinatakiwa kuachwa siku kadhaa kabla, mara nyingi 5 hadi 7. Angalia pia dawa za mafua na kikohozi unazonunua mwenyewe, maana nyingi zina antihistamini ndani, na baadhi ya dawa za sonona hufanya vivyo hivyo. Hizo za sonona usiziache bila kuzungumza na aliyekuandikia. Dawa ya pumu ya kuvuta endelea nayo.

Kwa asiyeweza kuacha dawa, au mwenye ngozi iliyoharibika kiasi cha kukosa pa kupimia, kuna kipimo cha damu cha IgE ya kila kichochezi. Antihistamini hazikivurugi.

Sasa jambo lenyewe: jibu la "ndiyo" kwenye kipimo halimaanishi kwamba hicho ndicho kinachokuumiza. Linaonyesha tu kwamba mwili wako una IgE dhidi yake. Watu wengi wana IgE ya nyasi na hawajawahi kupiga chafya kwa ajili ya nyasi. Kitu kinachostahili kuingia kwenye kichupa ni kile ambacho kipimo na daftari vinakubaliana. Ukiletewa orodha ndefu ya vichochezi vinavyotakiwa kuchanganywa vyote, uliza kila kimoja kimeingia kwa sababu gani. Kadiri mchanganyiko unavyojaa, ndivyo kila kimoja kinavyopungua kiasi, na kiasi kikiwa kidogo mno tiba haifanyi kazi.

Hatua ya 3: Pima kama mwili wako unaruhusu

Pumu isiyodhibitiwa ndiyo kizuizi kikubwa. Vifo vichache vilivyowahi kutokea kwa sindano hizi vingi viliwapata watu wenye pumu, hasa iliyokuwa haijatulia. Pumu inatulizwa kwanza, kisha sindano zinafuata.

Mwambie daktari kama una ugonjwa wa moyo, au unatumia dawa za presha za kundi la beta-bloka. Dawa hizo huweza kuizuia adrenalini, dawa ya kwanza ya mshtuko wa aleji, isifanye kazi vizuri siku ukiihitaji. Hata matone ya macho ya presha ya jicho mara nyingine ni beta-bloka, na wagonjwa husahau kuyataja kwa kuwa hawayahesabu kuwa dawa. Saratani inayotibiwa na magonjwa ambayo kinga ya mwili inajishambulia yenyewe pia huahirisha tiba.

Mjamzito haanzishiwi. Aliyepata mimba akiwa tayari kwenye dozi ya kudumu (ile kamili, baada ya kupandishwa), na anaivumilia, kwa kawaida huendelea bila kupandishiwa. Watoto wengi huanzia umri wa miaka 5, mtoto akiwa anaweza kueleza kwamba koo linawasha au kifua kinabana.

Na jipime ratiba. Utakuwa unakwenda kituoni kila wiki kwa miezi, kisha kila mwezi kwa miaka. Kama kazi yako ni ya kusafiri au unatarajia kuhama, sema mapema.

Hatua ya 4: Chagua mahali

Sindano hizi hazichomwi nyumbani, wala mahali ambapo aliyekuchoma anafunga mlango na kuondoka. Kabla ya kukubali, uliza: adrenalini ipo chumba hiki hiki? Oksijeni na dripu zipo? Nani hapa amefundishwa kuhudumia mshtuko wa aleji, na huwa yupo siku zote za sindano? Mtu wa kituo kizuri atakuonyesha vitu hivyo kwa mkono. Ukijibiwa kwamba "haijawahi kutokea", tafuta kwingine.

Kama kituo cha namna hiyo kiko mbali, ulizia tiba ya chini ya ulimi. Vipo vidonge vya utitiri wa vumbi na vya baadhi ya chavua, unavyoweka chini ya ulimi kila siku. Dozi ya kwanza hutolewa mbele ya daktari, nyingine unatumia nyumbani. Mdomo na koo huwasha siku za mwanzo, lakini madhara makali ni nadra kuliko ya sindano. Tatizo lake ni nidhamu: hakuna muuguzi anayekusubiri, na wengi huacha kimya kimya baada ya miezi michache. Kwa sumu ya nyuki na nyigu, njia inayotegemewa ni sindano.

Hatua ya 5: Kipindi cha kupandisha dozi

Kipindi hiki huchukua takriban miezi 3 hadi 6, sindano 1 au 2 kwa wiki. Dawa huandaliwa katika vichupa vya nguvu tofauti, kila kimoja kikiwa na nguvu mara 10 ya kilichotangulia. Unaanza na kilicho hafifu kabisa, ujazo wa kama mililita 0.05, unapanda hadi kama 0.5, kisha unarudi kwenye ujazo mdogo wa kichupa kinachofuata. Huko Marekani vifuniko huwa na rangi ili visichanganywe, na chekundu ndicho chenye nguvu kamili. Zipo pia ratiba za haraka ambazo sindano kadhaa huchomwa siku moja. Zinafupisha kazi, na hatari yake ni kubwa zaidi.

Siku ya sindano inakwenda hivi.

Kabla ya kutoka nyumbani, jikague. Una homa? Kifua kinabana au umekitumia kivutia cha pumu kuliko kawaida? Umeanza dawa mpya? Lolote kati ya hayo litaje kabla mkono haujafunuliwa, hata kama foleni ni ndefu nyuma yako. Taja pia kama mkono ulivimba baada ya sindano iliyopita, na kwa muda gani. Mwenye pumu apulize kipimo cha pumzi kwanza.

Kisha soma kichupa pamoja na muuguzi. Jina lako, tarehe ya kuzaliwa, kilichomo, nguvu, ujazo wa leo, mkono wa leo. Usione haya. Kuchanganya vichupa vya wagonjwa wawili, au kuvuta dozi isiyo yako, ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za mshtuko, na mgonjwa anayetamka jina lake kwa sauti ni kinga ya bure.

Sindano ni nyembamba, inaingia chini ya ngozi nyuma ya mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko. Haiumi kama ya kwenye msuli. Usipasugue baada ya hapo.

Halafu unakaa dakika 30, ndani ya kituo. Si kwenye gari wala duka la jirani. Madhara makali mengi hujitokeza ndani ya muda huo, na mtu aliyekwisha chomwa mara arobaini bila tatizo ndiye anayeanza kuaga baada ya dakika kumi. Mimi nisingemwonea aibu kumwambia akae. Muda ukiisha, onyesha mkono ukaguliwe kabla ya kuondoka. Siku hiyo epuka mazoezi makali saa chache kabla na baada, maji ya moto sana na pombe, kwa kuwa huharakisha dawa kuingia kwenye damu.

Wekundu, muwasho na uvimbe mahali pa sindano ni kawaida. Barafu na kidonge cha antihistamini hutosha. Uvimbe ukizidi kiganja unasumbua na unapaswa kuandikwa, ingawa peke yake hautabiri vizuri kwamba mwili mzima utashtuka safari ijayo.

Hatua ya 6: Zijue dalili za hatari

Madhara ya mwili mzima hutokea katika takriban ziara 1 kati ya 1,000, na mengi ni mepesi. Kifo ni nadra sana, takriban kimoja katika mamilioni ya sindano. Lakini unachokitaka ni kuzitambua dalili dakika zile za kwanza:

- viganja, nyayo au utosi kuanza kuwasha ghafla, au mabaka mbali na palipochomwa
- chafya mfululizo, koo kukaza, sauti kubadilika, kikohozi kikavu
- kifua kubana au kupiga filimbi
- tumbo kukata, kutapika
- kizunguzungu, mapigo ya moyo kwenda mbio, hofu isiyo na sababu

Ukihisi hata mojawapo, sema hapo hapo. Usiende chooni "kujiangalia". Wako waliozimia nyuma ya mlango uliofungwa. Dawa ya kwanza ni adrenalini, inachomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Antihistamini na steroidi hazichukui nafasi yake. Unalazwa chali miguu ikiinuliwa, au unakaa kama pumzi ndiyo tatizo, na husimamishwi ghafla. Dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye, hivyo utashikiliwa uangaliwe. Kama daktari amekuandikia adrenalini ya kubeba, iwe nawe siku za sindano na ujue kuitumia bila kusoma karatasi.

Zikianza ukiwa umeshafika nyumbani, jichome adrenalini kama unayo na uite msaada wa dharura. Usijiendeshe mwenyewe.

Hatua ya 7: Dozi ya kudumu

Ukifika kwenye dozi yako kamili, nafasi kati ya sindano hupanuka hadi wiki 2 hadi 4 kwa vichochezi vya hewani, na kwa sumu ya nyuki au nyigu hufika wiki 4 hadi 8. Kazi inakuwa nyepesi, na uzembe nao huingia hapo.

Ukikosa wiki moja, mara nyingi hakuna kinachobadilika. Ukikosa zaidi, dozi hushushwa kisha hupandishwa tena, na pengo la miezi linaweza kukurudisha karibu na mwanzo. Usimfiche muuguzi tarehe ya mwisho ili usishushiwe dozi. Kichupa kipya kikifunguliwa, dozi ya kwanza pia hupunguzwa, kwa kuwa dawa mbichi ina nguvu kuliko iliyokaa. Vichupa hukaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, na vikiganda haviwi vya kutumika tena. Ukihama, chukua nakala ya ratiba yako yote pamoja na majina ya vilivyomo na nguvu zake. Bila karatasi hiyo daktari mpya hana pa kuanzia.

Dawa zako za kawaida hazitupwi siku ya kwanza. Zinapunguzwa kadiri dalili zinavyopungua, na usafi wa matandiko dhidi ya utitiri unaendelea.

Hatua ya 8: Amua kama inafanya kazi

Wengine huona tofauti kipindi cha kupandisha dozi, wengi hungoja zaidi. Kipimo cha haki ni mwaka 1 wa dozi kamili. Rudi kwenye daftari: chafya za asubuhi, usiku uliokosa usingizi, vidonge ulivyomeza kwa mwezi. Kupungua kwa vidonge ni ushahidi hata kama pua bado inawasha siku moja moja.

Kama mwaka umeisha na hakuna tofauti yoyote, usiendelee kwa mazoea. Ama kichochezi kilikosewa, ama dozi ni ndogo, ama bado unaishi na kitu hicho kwa wingi, ama mafua yako hayakuwa ya aleji tangu mwanzo. Daktari akague hayo moja moja, na kama halipo la kurekebisha, tiba isimamishwe.

Hatua ya 9: Kuacha

Waliopata nafuu nzuri huacha baada ya miaka 3 hadi 5. Wanaoacha mapema zaidi hurudiwa haraka. Waliofikisha miaka 3 ya sindano za chavua ya nyasi wameonekana kubaki na nafuu kwa miaka mingine kadhaa bila sindano, ingawa si wote. Dalili zikirudi kwa nguvu, tiba inaweza kuanzishwa upya.

Kwa sumu ya nyuki na nyigu uamuzi ni mzito zaidi. Wengi huacha baada ya miaka 5, lakini aliyewahi kukaribia kufa, aliyeshtuka akiwa kwenye tiba, au mwenye ugonjwa wa seli za masti (seli za kinga zinazomwaga histamini) huweza kushauriwa aendelee maisha yote. Hata aliyeruhusiwa kuacha abaki na adrenalini yake hadi daktari wake mwenyewe amwambie aiache, na aangalie tarehe ya kuisha muda kwenye kifungashio.